Kurudi darasani ukubwani: nilivyoielewa milinganyo ya kipeo cha pili

Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Busia upande wa Uganda. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kukosa karo. Nikaanza kwa kuponda kokoto, nikaja kuchanganya zege, mwishowe nikashika mwiko. Miaka ikaenda, nikawa fundi wa kutegemewa, lakini kazi kubwa zikawa zinanipita. Msimamizi wa mradi anauliza cheti, mimi sina. Chuo cha ufundi nacho kinataka UCE, cheti cha mtihani wa kidato cha nne Uganda, na kwenye UCE hesabu haikwepeki. Basi nikaamua kurudi. Mtihani niliufanya 2019 kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hakuna mada iliyonitoa jasho kama milinganyo ya kipeo cha pili, yaani yenye x² (x mara x) ndani yake, ile ambayo watoto wa shule huiita kwadratiki.

Naandika kwa ajili ya mtu mzima mwenzangu anayefikiria kurudi, na kwa ajili ya mzazi aliyeletewa na mtoto daftari lililojaa mabano. Watu wengi husema hawana kichwa cha hesabu. Mimi sikubaliani nao. Mara nyingi wanachokosa ni mtu wa kuwaeleza ile sifuri iliyokaa upande wa kulia wa mlinganyo inafanya kazi gani pale.

Nianze na pesa, maana ndiyo iliyokaribia kunikwamisha. Mtahiniwa wa kujitegemea lazima ajisajili kupitia shule iliyo kituo cha mtihani. Kuna ada ya UNEB yenyewe, baraza la mitihani la Uganda, halafu kuna ya kituo, na hii ya pili kila shule ina yake. Kituo cha kwanza nilichokwenda walipokea pesa yangu bila kunipa risiti, na nilipokwenda kuulizia, jina langu halikuwepo kwenye orodha. Pesa ile haikurudi. Kituo cha pili nilidai risiti, nikaomba nionyeshwe jina langu kwenye fomu ya usajili, nikasoma herufi moja moja, jina na tarehe ya kuzaliwa. Nawe fanya hivyo hivyo kabla usajili haujafungwa, hata wakikuona msumbufu.

Gharama nyingine ni ya muda. Masomo yalikuwa saa kumi na moja jioni, na fundi anayeondoka kazini mapema hukatwa. Siku nzima ilikuwa inaniletea shilingi 30,000. Siku za masomo nilirudi nyumbani na pungufu ya hapo, na mke wangu ndiye aliyejaza pengo kwa kuuza mboga. Mkikubaliana nyumbani kabla ya kuanza, mtavumiliana. Usipomwambia mwenzako, ataona posho inapungua mezani bila kujua inakwenda wapi.

Kikundi chetu cha jioni kilikuwa mchanganyiko wa mpakani hasa: mama mmoja muuza samaki wakavu, vijana wawili wa boda, askari mlinzi wa ghala la mahindi, na mimi. Kisamia, Kiteso, Kijapadhola, Kiluhya, kila mtu na cha nyumbani kwake. Tukikaa pamoja ni Kiswahili. Kitabu na mtihani ni Kiingereza, lakini kubishana juu ya x tulibishana kwa Kiswahili, na ninaamini hapo ndipo tulipoelewa.

Mkufunzi wetu wa mwanzo alikuwa kijana mwema, ila alifundisha kwa haraka. Aliandika x² + 5x + 6 = 0, akasema, "Tafuteni namba mbili, mkizidisha mpate 6, mkijumlisha mpate 5." Tukapata 2 na 3. Akaandika (x + 2)(x + 3) = 0, akasema x ni −2 au −3, akahamia swali jingine. Tukawa tunabahatisha. Namba zikiwa ndogo tunapata, zikikua tunakwama, na hakuna aliyejua kwa nini 2 imegeuka kuwa −2. Kuna jioni nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikiwaza kuacha. Mtu ambaye mchana kutwa watu wanamsikiliza kazini, akikaa jioni mbele ya ubao asielewe, anaumia kwa namna ambayo mtoto haijui.

Kijana yule alipopata ajira Tororo, akatuletea mwalimu mstaafu. Siku yake ya kwanza hakuandika x. Alichora mstatili, akaandika 5,000 katikati yake, akanigeukia.

"Fundi, ploti ya kawaida hapa kwetu ni ngapi kwa ngapi?"

"Hamsini kwa mia, Mwalimu."

"Za nini?"

"Futi."

"Haya. Sasa sahau kwamba unajua. Mimi nakwambia mambo mawili tu: urefu umezidi upana kwa futi 50, na eneo ni futi za mraba 5,000. Nitafutie upana."

Upana tukauita x, urefu ukawa x + 50. Kuzidisha pande mbili: x(x + 50) = 5,000. Mama wa samaki akasema jibu ni 50, kila mtu analijua. Mwalimu akamuuliza, "Mama, nikikuambia namba mbili zimezidishwa zikatoa 5,000, utajua ni zipi?" Akafikiri, akasema hapana. Mwalimu akaziandika: 1 na 5,000. 10 na 500. 25 na 200. 40 na 125. Orodha ikashuka ubaoni. "Je, nikikuambia zimezidishwa zikatoa sifuri?"

Kimya kidogo, kisha askari akajibu: "Basi moja yao ni sifuri, Mwalimu. Haina njia nyingine."

Kwangu somo zima lilikuwa hapo. Namba 5,000 haikuambii chochote kuhusu kila kigawo, yaani kila moja ya namba zilizozidishwa, kwa upande wake, wala 6 haikuambii, wala 1. Sifuri peke yake ndiyo inayolazimisha: vitu viwili vikizidishwa vikatoa sifuri, kimoja lazima kiwe sifuri. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ni kuhamishia kila kitu upande mmoja ili upande wa pili ubaki sifuri. Bila hatua hiyo mabano hayana faida. Tulikuwa na mwenzetu aliyekutana na (x − 1)(x − 2) = 6 akaandika moja kwa moja x − 1 = 6 au x − 2 = 6, akapata 7 na 8. Ukirudisha 7 kwenye swali unapata 6 × 5, yaani 30, si 6. Njia sahihi ni kufungua mabano: x² − 3x + 2 = 6, kisha x² − 3x − 4 = 0, kisha (x − 4)(x + 1) = 0. Majibu ni 4 na −1, na yote mawili ukiyarudisha yanatoa 6.

Hapo pia ndipo nilipojua kwa nini alama hugeuka. Kigawo kikiwa x + 2, swali ni: x iwe ngapi ili x + 2 iwe sifuri? Ni −2. Hakuna kanuni ya kukariri.

Turudi kwenye ploti. x² + 50x − 5,000 = 0. Tunataka namba mbili ambazo zao lake, yaani ukizizidisha, ni −5,000 na jumla yake ni 50. Zao ni hasi, kwa hiyo moja ni chanya na nyingine ni hasi, na ukiacha alama, tofauti yao ni 50. Ni 100 na −50. Basi (x + 100)(x − 50) = 0, na x ni −100 au 50.

"Hiyo hasi mia imetoka wapi?" mama wa samaki akauliza, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Mwalimu akamwambia aijaribu. Upana −100, ongeza 50, urefu −50. Hasi mia mara hasi hamsini ni 5,000. Mlinganyo umeridhika kabisa. Ardhi ndiyo haikubali. Aljebra haijui kama unapima ploti au unahesabu kitu kingine, inakupa kila namba inayotimiza sharti. Kazi ya kuchagua ni yako. Mwalimu akatusimulia kwamba Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya milinganyo hii Baghdad katika karne ya 9, hakutumia namba hasi, akalazimika kuigawa milinganyo katika aina sita na kila aina kuipa njia yake. Mfano wake maarufu ni mraba pamoja na mizizi kumi, jumla 39; kwa uandishi wetu, x² + 10x = 39. Yeye aliutatua kwa kuchora mraba na kuukamilisha, akapata 3. Sisi tunaandika (x + 13)(x − 3) = 0 na kupata −13 pia. Mtindo wa kupeleka kila kitu upande mmoja na kuuona mlinganyo kama vigawo vilivyozidishwa ulikuja baadaye sana, katika kazi za Mwingereza Thomas Harriot zilizochapwa 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Kujua kwamba watu wenye akili nyingi walichukua karne nyingi kufika kwenye ile sifuri kulinipunguzia aibu ya kutoielewa kwa wiki chache.

Kwenye mtihani, usilifute jibu hasi. Liandike, kisha sema linakataliwa kwa sababu upana hauwezi kuwa hasi.

Mwalimu alitupa zoezi ambalo nalipendekeza kuliko yote: kwa muda wa kutosha msitafute vigawo kabisa, zidisheni mabano tu. (x + 3)(x − 8). (x − 4)(x − 6). (2x + 3)(3x − 4). Mtu hawezi kubomoa vizuri ukuta ambao hajui ulivyojengwa. Ukizidisha mabano ya kutosha, unaanza kuona yenyewe: kama x² haina namba mbele yake, namba ya mwisho ni zao, ya katikati ni jumla. Namba ya mwisho ikiwa chanya, alama mbili zinafanana, na ile ya katikati inakuambia kama ni chanya zote au hasi zote. Ikiwa hasi, alama zinatofautiana. Baada ya hapo, kutafuta si kubahatisha tena. Unaandika jozi kwa mpangilio kuanzia 1, huruki, na unajua lini orodha imekwisha.

Kuna mahali orodha inakuwa ndefu, na hapa kuna njia ambayo ningeshukuru kama ningeonyeshwa mwanzoni. Tuseme una seng'enge ya mita 56 ya kuzungushia bustani ya mstatili, na unataka eneo liwe mita za mraba 192. Nusu ya mzunguko ni 28, kwa hiyo pande mbili zina jumla 28 na zao 192. Mlinganyo ni x² − 28x + 192 = 0. Badala ya kuorodhesha vigawo vyote vya 192, chukua nusu ya 28, yaani 14. Upande mmoja umezidi 14 kwa kiasi fulani, mwingine umepungua kwa kiasi hicho hicho. Ukizidisha unapata 14 × 14 kutoa mraba wa kiasi hicho. 196 kutoa 192 ni 4, kipeuo chake ni 2, maana 2 × 2 ni 4. Basi pande ni 16 na 12. Vigawo ni (x − 16)(x − 12). Waandishi wa Babeli, kwenye Iraki ya leo, walikuwa wakifanya hesabu za namna hii ya nusu kwenye vibao vya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita, kwa maswali haya haya ya pande na eneo.

Pale ambapo x² ina namba mbele yake, wengi wetu ndipo tulipotaka kuacha. Kwanza angalia kama kuna kigawo cha pamoja, ukitoe; kazi hupungua sana. Kama hakuna, zidisha namba ya mwanzo na ya mwisho. Kwa mfano 6x² + x − 12 = 0: 6 mara −12 ni −72. Tafuta namba mbili zenye zao −72 na jumla 1: ni 9 na −8. Igawe x ya katikati iwe 9x − 8x: 6x² + 9x − 8x − 12. Wawili wawili: 3x(2x + 3) − 4(2x + 3). Kilicho ndani ya mabano kimefanana, kwa hiyo (2x + 3)(3x − 4) = 0, na x ni −3/2 au 4/3. Mabano mawili yasipofanana kwenye hatua ile, simama, usiendelee. Mara nyingi ni alama ya kutoa iliyosahaulika: −8x − 12 ukitoa −4 nje, ndani inabaki 2x + 3, si 2x − 3.

Na usigawanye kwa x. Mpira ukirushwa juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, urefu wake kwa kukadiria ni 20t − 5t². Unagusa ardhi lini? 20t − 5t² = 0. Ukigawanya pande zote kwa t unabaki na t = 4, na umepoteza jibu moja. Ukitoa kigawo cha pamoja, 5t(4 − t) = 0, unapata t = 0, ulipoondoka mkononi, na t = 4, ulipotua. Katikati ya hayo mawili, sekunde ya 2, ndipo ulipofika juu kabisa, mita 20. Anayegawanya hawezi kuiona katikati hiyo.

Sasa kazini. Mteja mmoja alikuwa na nyumba ya mita 8 kwa 6, akataka baraza ya zege kuizunguka pande zote kwa upana ulio sawa. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha nyumba na baraza kwa pamoja vichukue mita za mraba 80, si zaidi. Zamani ningetandika kamba, nipime, nikunjue, nipime tena hadi ikaribiane. Safari hii nilikaa juu ya tofali na kipande cha mfuko wa simenti. Baraza ina upana x, na ipo pande mbili za kila kipimo, kwa hiyo urefu mpya ni 8 + 2x, upana mpya 6 + 2x. Hapa watu wengi huongeza x mara moja tu. Chora picha na utaona zipo mbili. (8 + 2x)(6 + 2x) = 80. Nikafungua: 48 + 28x + 4x² = 80. Nikahamisha: 4x² + 28x − 32 = 0. Nikagawanya kwa 4: x² + 7x − 8 = 0. (x + 8)(x − 1) = 0. Baraza ni mita moja. Nikahakiki: 10 kwa 8 ni 80. Nikampigia mwenye nyumba, nikamwambia ni mita moja kamili, na vibarua wakaanza kuchomeka vigingi siku ileile. Furaha niliyoipata siku ile sikuipata hata siku ya matokeo.

Lakini lazima niseme ukweli wote. Nambari za kitabuni zimepangwa zitoke sawa. Mteja yule angetaka mita za mraba 90, mlinganyo ungekuwa 2x² + 14x − 21 = 0, na vigawo vya namba nzima havipo. Namna ya kujua mapema ni kupima b² − 4ac, ambapo a ni namba iliyo mbele ya x², b iliyo mbele ya x, c ile ya mwisho. Hapa ni 196 + 168 = 364. Kipeuo chake si namba nzima, kwa hiyo acha kutafuta, tumia kanuni ya jumla, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Inatoa kama mita 1.27. Ingekuwa 361 ungepata 19 na vigawo vingekuwepo. Kipimo hiki huchukua nusu dakika, na kingeniokolea jioni nyingi nilizotafuta vigawo visivyokuwepo.

Maswali ya safari na michango ndiyo yanayopendwa sana na watunga mitihani, na ndiyo yanayoogopwa, kwa sababu x inakaa chini ya mstari wa sehemu. Chukua basi la Kampala hadi Busia, tuseme kilomita 200. Likiongeza mwendo kwa kilomita 10 kwa saa, linafika saa moja mapema. Mwendo wake wa kwanza ni upi? 200/x kutoa 200/(x + 10) ni 1. Zidisha kote kwa x(x + 10): 200x + 2,000 − 200x = x² + 10x. Zile 200x zinafutana, na unabaki na x² + 10x − 2,000 = 0, yaani (x + 50)(x − 40) = 0. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa. Saa tano zinakuwa nne.

Michango nayo ni hivyo hivyo. Watu wamekodi kosta ya kwenda mazishini kwa shilingi 600,000, wagawane sawa. Watano hawakutokea, na kila aliyebaki akaongeza 10,000. Walikuwa wangapi mwanzo? 600,000/(n − 5) kutoa 600,000/n ni 10,000. Gawanya kwanza kwa 10,000 ili namba zipungue: 60/(n − 5) − 60/n = 1. Inakuja n² − 5n − 300 = 0, (n − 20)(n + 15) = 0. Walikuwa 20, kila mmoja 30,000. Wakabaki 15, kila mmoja 40,000. Kijana wa boda aliyekuwa mweka hazina wa kikundi chao cha akiba alilielewa swali hili kabla yangu.

Kuhusu mtihani wenyewe. Mtaala niliofanyia mimi ulikuwa na karatasi mbili za hesabu, kila moja saa mbili na nusu. Sehemu A ya lazima yote, sehemu B unachagua matano. Kalkuleta inaruhusiwa, lakini alama ziko kwenye hatua. Andika mlinganyo, andika ile = 0, andika vigawo, andika majibu yote mawili. Nilikutana na swali la eneo kwenye sehemu B nikalichagua bila kusita. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C4 ya hesabu, daraja la nne kati ya tisa za wakati ule, nikapokelewa chuoni.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mtaala mpya ulianza na kidato cha kwanza cha 2020, na watahiniwa wake wa kwanza wakafanya UCE 2024. Alama sasa ni herufi, A hadi E, kazi za shuleni zinahesabiwa asilimia 20, na maswali yanatolewa ndani ya habari ya maisha halisi: ploti, duka, safari. Kwa hiyo mtoto anayejua kutafuta vigawo tu bila kujua kuutunga mlinganyo kutoka kwenye habari atapata shida. Mzoeze huko. Mtu mzima anayetaka kujisajili leo aulize kituo chake mapema kuhusu zile asilimia 20 atazipataje, kabla hajalipa chochote.

Nimetunga maswali machache ya kuanzia. Yafanye bila kutazama majibu, kisha rudisha kila jibu kwenye swali uhakiki.

x² − 11x + 24 = 0.

3x² + 10x − 8 = 0.

x² = 9x. Kumbuka nilichosema kuhusu kugawanya.

Bustani ya mstatili ina mzunguko wa mita 60 na eneo la mita za mraba 216. Pande zake ni ngapi?

Majibu: la kwanza ni 3 na 8. La pili ni 2/3 na −4. Zao la kutafuta ni −24, na namba ni 12 na −2. La tatu ni 0 na 9. Bustani ni mita 12 kwa 18.